Kwa Nini Watoto Hawaendi Tena kwa Joëlle

Benchi yetu ya mtaa wa Kikula, hapa Likasi, ni ubao mmoja uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, na mtu wa pembe moja akiinuka bila kuaga, mwenzake wa pembe ya pili anajikuta chini. Mbele yetu Ramazani anachemsha kahawa ya tangawizi kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Nyuma yetu ni duka langu la nyaya, tochi na betri, na kwa kuwa betri huku tunaziita pile, kijiweni wananiita Papa Pile, jina la Kassim wameshalisahau. Ng'ambo ya barabara ni ukumbi wa michezo wa mama Joëlle, wenye kompyuta zilizounganishwa na mtandao, ambamo vijana walikuwa wanacheza mchezo wa vita, watano dhidi ya watano, kila mmoja na bunduki yake ya uongo na visikizio masikioni. Mwaka jana ukitaka kupita pale jioni ilibidi upigane vikumbo. Tangu mvua zianze mlango uko wazi na ndani kimya. Na kule chini karibu na soko, kwa Georges, watoto hao hao wanacheza vita vingine vya kwenye simu, na wamejaa mpaka kwenye ngazi.

Swali la kwa nini mchezo mmoja wa bunduki unauzika na mwingine unadorora lilikuwa limetushinda tangu mwanzo wa juma, na jioni hiyo lilianza tena kabla kahawa haijachemka. Kwa wenzangu ilikuwa soga. Mimi nilikuwa na roho juu. Mwanangu Dunia ndiye msimamizi wa ule ukumbi: anawasha mashine, anazitengeneza zikigoma, anafunga mlango. Joëlle alishasema kwamba Jumamosi ndiyo mwisho. Naye Dunia alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, kwamba ukumbi ukifungwa, Jumatatu anapanda gari la wachimbaji kwenda mashimoni upande wa Kakanda. Nilidhani anatishia. Asubuhi hiyo nikafungua duka, nikaona pengo kwenye rafu. Tochi moja ya kichwani haikuwepo, na mimi sikuiuza. Tochi hizo nawauzia wachimbaji kila siku ya Mungu na nashukuru kwa riziki, lakini ile moja iliyokosekana ilininyima raha mchana kutwa.

Ramazani ndiye aliyeanza, akimimina.

— Ku Georges unaingia bule, — alisema. — Jeu, ule muchezo, ni bule, kila muntu iko nayo mu téléphone. Ukisha kuizoea, njo banakuuzisha nguo ya musoja. Kofia, bilatu. Mutoto yangu aliniomba franka juu ya kununulia musoja yake lunettes, miwani ya jua. Minye mwenyewe sina lunettes.

Tulicheka. Ramazani anaijua biashara hiyo kuliko wote, maana yeye humpa mgeni kikombe cha kwanza bure, na hajapata kumwona mgeni aliyeishia kwenye kimoja. Akaeleza kwamba kwa Joëlle unalipia saa yako mlangoni kabla hujamuua hata mtu mmoja, na kijana wa leo hapendi kulipia kitu ambacho hajakionja. Nikamjibu kwamba Joëlle alishashusha bei, akaishusha tena, na wiki moja aliwaacha waingie bure kabisa. Hawakuja. Ramazani akafunika birika, akasema basi yeye hajui, yeye ni muuza kahawa.

Hapo akadakia Symphorien. Zamani alikuwa karani katika ofisi fulani, na mpaka leo akisema jambo lolote, hata kwamba mvua inakuja, analisema kama taarifa ya redioni. Ndiyo maana anaitwa Communiqué. Aliweka kikombe juu ya goti, akasafisha koo.

— Tatizo haiko bei. Tatizo ni bantu. Jeu ya namna ile haiko jeu, ni soko. Soko yenye iko na bantu inaita bantu. Yenye haina, hata upange tomates ya muzuri namna gani, utauzisha nani?

Akaendelea kutufundisha. Huko ng'ambo, alisema, makampuni makubwa yanatumia miaka kujenga mchezo mpya, picha zinang'aa, bunduki zinalia kama za kweli, siku ya kuufungua vijana wanakuja kuutazama, wanausifu, halafu wanarudi kule kule walikokuwa, kwa sababu rafiki zao wako kule. Hakuna anayehama peke yake. Na mchezo wa kupigana na watu ukikosa watu, unawasha mashine, unamngoja adui, adui haji, unakwenda zako nyumbani. Kesho yake wanaobaki ni wachache zaidi. Kwa kweli yalikuwa maneno ya maana, na angenyamaza hapo tungemheshimu mpaka Idi. Hakunyamaza.

— Na kuko kintu ingine benye kuongoza habatwambie, — alisema, akiteremsha sauti. — Batri ya téléphone iko na cobalt. Cobalt inatoka hapa. Bale bakubwa ba kule banachagua jeu yenye kukula batri mbio, njo ile banaipatia nguvu. Batri inakufa, unanunua ingine, banakuya tena kuchimba kwetu. Jeu ya Joëlle inakula courant, umeme ya mu ukuta. Courant ya mu ukuta inabaletea nini? Hakuna. Donc banaiacha ikufe.

Nilimuuliza kama hao wakubwa wanaijua Kikula. Alisema wanaijua nyumba kwa nyumba.

Benoît alikuwa ametulia muda wote, na Benoît akitulia ujue anajipanga. Anauza vocha za simu kwenye kona na kuimba kwaya katika kanisa lao la uamsho, kwa hiyo tunamwita Alléluia, naye anaitika. Alisema yeye hafuati mambo ya cobalt, yeye amelifuatilia jambo hili katika maombi. Katika mchezo wa simu, askari akiuawa anafufuka papo hapo na kuendelea. Katika mchezo wa Joëlle, aliyeuawa hafufuki. Anabaki kwenye kiti chake, mikono mitupu, anawatazama wenzake wakiendelea mpaka raundi iishe.

— Muntu atalipa franka juu ya kuikala kilio? — alituuliza. — Unakufa, unaikala, unaangalia benzako. Ile ni kilio, ni matanga. Na kilio hapa Likasi tuko nazo mingi, kisha ni bule.

Tulicheka tena, hata mimi, ingawa kicheko hakikushuka vizuri. Benoît alipoona tumecheka akapata nguvu. Akasema kwamba zaidi ya hayo, uwanja wa vita wa mchezo ule unafanana kabisa na barabara ya machimbo ya Kakontwe, kona kwa kona, na kwamba haiwezekani mtu wa ng'ambo achore barabara yetu bila kuonyeshwa na roho chafu.

— Uliuona? — nilimuuliza.

Hakuuona. Aliambiwa na mtu wa kwaya, ambaye naye aliambiwa. Lakini roho, alisema, haziangaliwi kwa macho.

Hofu ikinishika mimi nasema sana, wala sijijui. Nikaanza kuwahubiria kuhusu umeme. Nikasema bwawa la Mwadingusha likikohoa tu, mashine zote za Joëlle zinazimika kwa pamoja, vita vinakatika katikati, na nani atavumilia hayo, wakati simu inaendelea na betri yake? Nikapiga goti kwa kiganja. Nikasema dawa ninayo hapa nyuma yangu dukani, betri kubwa mbili na mashine ya kugeuza umeme, nitamkopesha Joëlle hata leo, nitazifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Waliniachia niseme mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha Ramazani akanikumbusha taratibu kwamba wiki hii umeme haujakatika hata dakika moja, na kule ndani ni kimya vile vile.

Nikainywa kahawa ikiwa bado inaunguza.

Joëlle mwenyewe akavuka barabara kuja kuchukua kikombe chake cha jioni. Mwanamke yule zamani alikuwa akivuka anaimba. Siku hizi anavuka anatazama chini. Alitwambia kwamba yule mtu anayetaka kuzinunua mashine anakuja Jumamosi asubuhi kuzikagua, na kila mmoja wetu, badala ya kumpa pole, alimpa nadharia yake. Soko, nguo za askari, maombi, betri. Alisikiliza amesimama, kikombe kati ya viganja viwili.

— Salle yangu ilikuwa inajala juu ya bale batano, Dunia na benzake, — alisema mwishoni. — Bantu balikuwa banakuya kubaangalia, kisha nabo banaikala banacheza. Tangu ile mambo ya Kalombo...

— Pardon, mama Joëlle, — Symphorien akamkata. — Kalombo ni muntu moja. Shiye hapa tuko nasemea marché, soko.

Joëlle alimtazama kidogo, akanywa iliyobaki kwa mkupuo. Hakuna aliyemwambia aendelee. Sote tulijua habari ya Kalombo: kijana wa timu ile ya watano, aliyekwenda kuchimba mwanzo wa mvua, na shimo likamwangukia. Ndugu zake walimchukua wakamzika kwao Kolwezi upesi upesi, na rafiki zake hawakufika. Mimi niliposikia jina lile nililiona lile pengo la rafuni, kwa hiyo sikutaka lizungumzwe. Nilimuuliza tu Joëlle, alipokuwa anarudisha kikombe, kama Dunia amemwambia lolote kuhusu Jumatatu.

— Hakuniambia kintu ya Lundi, Papa Pile. Aliniomba kintu moja tu: Samedi, ile siku ya mwisho, yeye njo azimishe mashini.

Sikuweza kukaa sawasawa baada ya hapo. Kijana anayeomba kuzima mashine kwa mkono wake ameshaaga moyoni. Ubao ulikuwa unacheza chini yangu na Symphorien ananiambia nitulie.

Mjadala ulirudi na moto mpya. Benoît alitaka mashine zifanyiwe maombi moja moja, kuanzia ile ya mlangoni. Ramazani aliona birika lake likihamishiwa mle ndani, watu watafuata harufu. Symphorien alikuwa ameshafika kwenye satelaiti, akieleza kwamba kuna moja juu ya Likasi yenye kazi ya kuwachelewesha wachezaji wetu ili wapigwe risasi kwanza na wale wa nchi nyingine, wakate tamaa. Sauti zilipanda. Wapita njia waligeuza shingo wakidhani tunagombana. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nasikiliza kwa dhati, hata ya satelaiti, maana mtu aliyeshikwa na hofu hachagui.

Ndipo pikipiki ikamshusha mwanamke mmoja mbele yetu. Alikuwa amevaa kitambaa cheusi kichwani, ana mkoba mdogo, na vumbi la safari ndefu kwenye nyusi. Alitusalimia mmoja mmoja. Ramazani akampa kikombe cha kwanza. Hakukinywa, alikishika tu.

— Salle ya mama Joëlle ni ile?

— Njo ile, mama, — Symphorien alimjibu. — Mais haina bantu. Tuko natafuta juu ya nini.

Na papo hapo akaanza kumweleza habari ya soko na nyanya. Yule mwanamke alimsikiliza kwa adabu mpaka kwenye cobalt. Akangoja apumue.

— Minye ni Fortunée, yaya ya Kalombo, dada yake mukubwa, — alisema. — Nimetoka Kolwezi. Ndugu yangu alikuwa anaikala ku kiti gani?

Symphorien alimtazama Benoît. Benoît alinitazama mimi, baba wa msimamizi. Nami nikatafuta kichwani, nikaona sijui viti vya mle ndani viko vingapi, wala ni vya rangi gani, wala mwanangu anakaa upande upi. Nilikuwa nauona mlango tu, kutoka hapa.

— Munaikala hapa kila siku? — Fortunée aliuliza.

— Kila siku, mama, — Ramazani alisema.

— Na mule hamujaingia?

Niliinuka, nikausahau ubao, Symphorien akaenda chini na kahawa yake kwenye suruali, na hakuna aliyecheka. Nikamchukulia yule dada mkoba wake, tukavuka.

Ndani kulikuwa na viti vingi kuliko nilivyodhani. Dunia na wenzake watatu walikuwa wamekaa mbele ya mashine zinazowaka, hawachezi, hawasemi. Kiti cha tano, cha ukutani, kilikuwa kitupu, na visikizio vimening'inizwa kwenye mgongo wake, vimefungwa kwa utepe wa kitambaa cheusi. Nilielewa kabla sijaambiwa. Mahali pa marehemu hapakaliwi mpaka mtu wa damu yake aje apafungue, hayo kila nyumba ya mtaa huu inayajua, na hawa walikuwa hawakupewa msiba wa kulia wala mtu wa kuwafungulia. Watano wakiwa wanne, mashine haiwapi vita. Mtu mwingine kwenye kile kiti hawakumtaka. Na wale wadogo waliokuwa wakija kuwatazama, walipokuta watu wanne wamekaa kimya siku baada ya siku, walikwenda zao kwa Georges. Hiyo ndiyo siri yote ya soko la Joëlle.

Dunia alisimama.

— Yaya Fortunée?

— Weye njo Dunia. Sauti ni ile ya ku téléphone. — Akanigeukia. — Papa, huyu mutoto anapigia mama kila juma, anamuomba atume muntu wa kufungula kiti. Mama hakukuwa na nguvu. Juzi akaniambia: wende weye, usiache bana ba bantu banangoja.

Niliona haya, na chini ya haya niliona fahari, na hofu ilikuwa bado palepale. Juu ya meza ya Dunia, karibu na funguo, tochi yangu ilikuwa imelazwa, bado ndani ya nailoni yake. Aliniona nikiiona.

— Sijaamua, papa, — alisema polepole.

Nilitaka kuichukua. Niliiacha. Nilimshika bega tu, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu alipoanza kunyoa ndevu.

Fortunée alikwenda mpaka kwenye kile kiti. Fundo lilikuwa limekaza, akalifungua kwa kucha, akaukunja ule utepe na kuushika mkononi. Alikaa. Akasema anataka aonyeshwe ndugu yake alikuwa anafanya nini hapa siku nzima, mpaka mama anampigia simu haitiki. Wale vijana walitazamana, kisha mmoja akamvalisha visikizio, na Dunia akamwelekeza: hapa unaenda mbele, hapa unageuka, hapa unapiga. Timu ilikuwa imetimia. Mashine ikakubali, ikawatafutia watano wengine wa mbali, vita vikafunguka.

Nyuma yangu nikasikia viatu. Ramazani alikuwa ameingia na birika, Benoît anamfuata, Symphorien mwisho na suruali yenye kahawa. Walisimama ukutani na kuitazama skrini. Uwanja wa vita ulikuwa mji wa mawe wenye ngazi na maua, hata haukaribiani na barabara ya Kakontwe. Joëlle alikuwa mlangoni. Sikuthubutu kumuuliza habari ya Jumamosi. Nyuma yake vichwa viwili vya watoto vilichungulia, wakauliza kwa kunong'ona ni nani anacheza kwenye kiti cha Kalombo.

Askari wa Fortunée aligonga ukuta, akageuka, akarudi alikotoka, na risasi ya kwanza ikampata kabla hajapiga yake. Skrini ikawa ya kijivu. Halafu ukaonekana mgongo wa askari wa Dunia, anakimbia mbele peke yake.

— Nimekufa?

— Ee, yaya, — Dunia alisema.

— Na sasa?

— Sasa uko natuangalia. Mpaka tumalize.

Akasogeza kiti karibu na skrini, mikono yote miwili imeushika ule utepe mapajani.

— Basi musifanye mbio, — alisema.